Koti Lililolala kwa Shemeji

Wenzangu wa Form Four, leo koti limenivua nguo mbele ya ukumbi mzima.

Lakini kosa si la leo. Ni la miaka mitatu iliyopita, siku nilipoketi na wazee nyumbani kwa marehemu ndugu yangu, upande wa Isebania. Nilipaswa kusema hapana. Nikasema sawa. Ningesema hapana, saa hii ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Mila yetu mnaijua. Mjane asiporithiwa, mwanawe hawezi kujenga. Mimi ni Msabato, tena shemasi, nikawaambia siwezi kumrithi shemeji. Baba mdogo Omolo akanitazama, kisha akatazama koti langu.

"Wewe hatukulazimishi," akasema. "Wewe ni Msabato. Koti je, lilibatizwa lini?"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka (hapo ndipo waliponimaliza). Mpango ukawa huu: koti langu litundikwe ndani kwa shemeji usiku mmoja, lisimame badala yangu, mila itimie, nami nikalale kwa jirani na wokovu wangu. Nikavua, nikampa baba mdogo.

Koti lenyewe alininunulia Roselida. Kwa mliojiunga juzi kwenye grupu hili, Roselida ni mke wangu. Alikuwa nesi Homa Bay, akaenda ng'ambo miaka tisa iliyopita kutunza wazee wa watu. Koti alilituma kwa mgeni aliyekuwa anarudi nyumbani. Ni la sufu, kijivu, na lina viraka vya ngozi kwenye viwiko. (Nilidhani limechakaa likashonwa. Kumbe ndiyo fasheni. Nilikuwa nimeshamlalamikia.)

Jioni ile ile akapiga simu.

"Wazee wamekuomba?"

"Wameniomba."

"Ukasemaje?"

"Nimekataa."

Akauliza tena, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama imepoa. "Umekataa kabisa?"

"Kabisa, Min Atieno," nikamwita kwa jina la binti yetu.

Wakati huo koti lilikuwa msumarini. Na halikukaa usiku mmoja. Lilikaa mpaka siku ya maombi ya marehemu, maana hakuna mzee aliyekumbuka kulitoa, nami niliona aibu kwenda kulidai.

Sasa mje nami mpaka leo. Mwaka jana Roselida alipata uraia, akajaza fomu za kuniita. Kuna mahali fomu inauliza kama mume ana mke mwingine, wa serikali, wa kanisa au wa kimila. Akaandika hapana. Aliandika kwa mkono wake, kwa kuniamini.

Naye ana haja nami. Nyonga yake ilifanyiwa upasuaji. Anaishi ghorofa ya tatu, anapanda ngazi ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili hauna mtu. Mimi nilikuwa niende kuwa mtu wa mkono huo wa pili. Jana alinipigia, akasema, "Vaa lile koti. Mtu mwenye koti husikilizwa. Nimeshanunua kiti cha pili cha jikoni."

Nikalivaa. Nairobi asubuhi hii ilikuwa na jua kali. Nilitoa jasho kabla hata sijafika langoni pa ubalozi. Simu niliiacha kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, nikapekuliwa, nikaketi ukumbini pamoja na wengine wenye mafaili kifuani. Hakuna aliyeongea. Mle ndani watu huongea kwenye dirisha tu, kwa kipaza sauti, na kila neno walioketi wanalisikia. (Nilishasikia kwamba jamaa mmoja hajui siku ya kuzaliwa ya mkewe. Nilimcheka moyoni. Mungu hasahau.)

Nikaitwa. Nyuma ya kioo alikuwa binti wa umri wa mwanangu, mzungu, mwenye adabu. Pembeni yake mkalimani, Mjaluo mwenzetu wa makamo, amefunga tai. Nilikuwa nimeomba mkalimani ili nisijikwae. Kiingereza changu ni cha kusoma, si cha kubishana.

Maswali yalienda vizuri. Mlikutana wapi? Sokoni Rodi Kopany, nikamwagia maji viatu vyake. Anapenda chakula gani? Samaki mbichi wa kuchemsha, asiyetiwa mafuta. Ana maradhi gani? Nikaeleza nyonga, ngazi, na ukuta. Binti akatabasamu. Akachukua pasipoti yangu akaiweka upande wake wa kushoto. Nilikuwa nimewachungulia waliotangulia: pasipoti ikiwekwa kushoto, mwenyewe huondoka akicheka.

Akawa anapitia picha za familia, polepole, kama mtu aliyekwishamaliza kazi. Kati ya hizo nilitia moja ya siku ya maombi kwa marehemu ndugu yangu, nikiwa nimeshika Biblia mbele ya watu. Hakuna aliyeniambia niilete. Niliileta kwa sababu ndani yake naonekana mheshimiwa.

Akaitazama picha. Akanitazama. Akasema kitu kwa mkalimani.

"Anasema koti ni zuri," mkalimani akanieleza. "Anauliza kama ndilo hili lililo ukutani, nyuma ya mama aliyeketi."

Wenzangu, nikasogeza uso mpaka kiooni. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia, kila mara najitazama mimi. Sikuwahi kutazama ukuta. Nyuma ya shemeji, msumarini, koti langu, viraka na vyote.

Nikajua wamejua. Nikajua walituma watu mpaka Isebania. Nikaona heri niseme mwenyewe kuliko nisomewe.

"Mwambie sikumrithi," nikasema. "Koti ndilo lililorithi. Koti lililala mle, mimi nililala kwa jirani."

Mkalimani akainamia kioo, akashusha sauti. "Baba, anasifu koti tu."

"Na jirani yupo hai, mumpigie!"

Binti akauliza ninasema nini. Yule bwana akafuta uso, akatafsiri, maana ndiyo kazi yake. Nilisikia nyuma yangu viti vikilia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Woi, koti limeoa," na ukumbi uliokuwa kimya tangu alfajiri ukapasuka.

Binti hakucheka. Akavuta karatasi nyeupe.

"Kwa mila ya kwenu, huyu mama sasa ni mke wako?"

"Kwa mila, wanasema koti linatosha."

"Koti lenyewe ni hilo ulilovaa?"

Nikajitazama kifuani. Nililivaa. Nilikuwa nimelowa ndani yake kama niliyetoka ziwani.

"Ndilo."

"Mkeo anajua?"

Hapo sikuhitaji mkalimani. Nikatikisa kichwa.

Akaichukua pasipoti kutoka kushoto, akaisukuma chini ya kioo mpaka kwangu. Hakunifokea. Alisema leo hawezi kunipa viza, ila mlango haujafungwa kabisa. Mke wangu akileta maelezo ya kiapo kwamba alijua jambo hili na bado ananitaka, wataliangalia upya. Mkalimani alitafsiri taratibu sana, kisha akaongeza yake: "Pole, baba."

Nilichukua simu kibandani. Roselida aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Kwake kulikuwa bado hakujapambazuka, alikuwa macho ananingoja.

"Wamekupa?"

Nikamweleza yote, tangu baba mdogo Omolo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Koti lipi?"

"Lile."

"Nililokununulia mimi?"

"Ndilo."

Nikamwambia habari ya kiapo. Nikamwambia ni maneno mawili tu: kwamba alijua, na kwamba ananitaka.

"La kwanza si kweli," akasema. "La pili lilikuwa kweli mpaka dakika hii. Koti ningelisamehe, Baba Atieno. Mila naijua, nimezaliwa ndani yake. Lakini nilikuuliza mara mbili." Kisha akasema kiti cha jikoni atakirudisha dukani, nisimpigie tena.

Nawaandikia nikiwa steji, basi la Homa Bay halijajaa. Koti nimelikunja nimelikalia. Ile sherehe ya kuniaga mlioipanga Jumapili, mwambieni mwenye mahema apumzike. Mkitaka kucheka, chekeni sasa, ila nikifika mniache nishuke bila kuulizwa ng'ambo kukoje.

Niliogopa kuwaudhi wazee jioni moja. Nimempoteza mke wa miaka thelathini na minane.