Polishi Iliyoniongezea Ng'ombe Watano

Mwl. Gisiri Nchagwa (Mstaafu),
Suna, Migori.
18 Novemba 1996

Kwa Afisa wa Biashara wa Wilaya,
Migori.

KUH: POLISHI YA GARI INAYOFANYA KAZI KAMA ILIVYOANDIKWA KWENYE MKEBE

Bwana Afisa,

Naamini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na mafaili mezani pako yakiwa yamepungua. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha darasa la saba kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu aliyefanya kazi hiyo kwa muda huo hawezi kulalamika bila kueleza kwanza. Naomba unisome polepole.

Najua wengi wanaokuja ofisini kwako wameuziwa kitu kibovu: betri isiyoshika chaji, ndoo inayovuja, redio iliyojaa mchanga ndani. Malalamiko yangu ni ya namna nyingine. Mimi nimeuziwa kitu kizuri. Kilitimiza kila neno lililoandikwa juu yake, na kwa sababu hiyo mwanangu hataoa Desemba hii.

Mwanangu anaitwa Joash, ana miaka ishirini na tisa. Anataka kumwoa Liz, binti wa Mzee Obiero wa Lambwe, upande wa Homa Bay. Mshenga wetu, Bwana Kerosi, alikwenda huko mara tatu, akanywa chai nyingi, akarudi na neno zuri: ng'ombe wanane. Wanane ninao. Wanakula majani nyuma ya nyumba hapa ninapoandika. Lilibaki jambo moja tu, nalo ni sisi wazee wa upande wa mume kwenda Lambwe tukaonekane, ili hesabu hiyo ithibitishwe mbele ya watu.

Hapa inanibidi nieleze, kwa kuwa sijui kama umeoa, wala ulioa wapi. Mtu anayekwenda kujadili mahari haendi kupendeza. Huvaa koti safi lakini lililoshonwa kiwiko. Viatu hupigwa brashi, havipakwi rangi. Gari, kama analo, linapaswa kuwa na vumbi la kutosha kuonyesha kwamba limetoka mbali na halina mtu wa kulihurumia. Wakwe nao wanajua hivyo, kwa hiyo humtazama mgeni tangu langoni, na kabla hajaketi wameshamhesabu. Gari langu ni Pijo 404 ya mwaka wa 1968. Mlango wa mbele wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani. Stata haijafanya kazi tangu Joash akiwa sekondari. Kwa safari ya mahari, Bwana Afisa, hapakuwa na gari bora kuliko hilo katika wilaya yako yote.

Kosa lilianza kwa upendo. Mdogo wangu Mirumbe, dereva wa lori la miwa kule Awendo, alikuja siku moja kabla ya safari. Nilimpa shilingi arobaini anunue sabuni ya unga, apitishe kitambaa kwenye vioo ili tuweze kuiona barabara. Alilitazama gari, akatikisa kichwa. "Kaka," akasema, "utakwenda kwa wakwe na kiboko huyu aliyetoka matopeni?" Akaenda duka la vipuri la Bwana Abdullah hapo mjini, akaongeza fedha zake mwenyewe, akarudi na vitu vya shilingi elfu moja mia moja na hamsini: chupa ya sabuni ya kuoshea magari tu, mkebe wa buluu wa polishi, dawa ya kupaka tairi, na nyingine ya kupuliza kwenye dashibodi, yenye harufu ya stroberi. Mimi nilikuwa kwenye mkutano wa kanisa. Niliporudi saa kumi nilidhani tuna mgeni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sabuni. Chupa inasema huondoa uchafu wa miaka mingi. Iliuondoa. Chini yake ilipatikana rangi nyeupe kama maziwa. Mama Joash aliniuliza ni kwa nini miaka yote hii nimekuwa nikimwambia kwamba gari letu ni la kijivu. Mimi mwenyewe niliamini hivyo.

2. Polishi. Mkebe unaahidi kwamba vumbi halitakaa wala maji hayatatulia. Sikujali, kwa kuwa ahadi za mikebe nimezisoma nyingi. Isitoshe, tukishapita Homa Bay tungeacha lami, nami naijua ile barabara ya udongo. "Barabara itatusaidia," nilimwambia Kerosi. Barabara ilijitahidi. Vumbi lilipanda, likateleza, likashuka. Karibu na Lambwe niliona dimbwi, nikalipita, nikarudi nyuma, nikalipita tena. Matope yaliruka hadi kwenye paa, yakajikusanya matone matone, yakaanguka yote chini kama yaliyoitwa. "Mwalimu," Kerosi akasema, "hili gari limekataa." Nilishuka nikachota tope kwa mkono wangu, mimi mzee wa kanisa, nikalipaka mlangoni. Ikanyesha mvua ya dakika tano. Tulifika tukimeta kuliko tulivyoondoka.

3. Kioo. Tuliposimama tu, wasichana wa boma walijipanga kando ya gari wakirekebisha vitambaa vyao vya kichwa. Mzee Obiero mwenyewe alikuja mbele ya boneti, akainama, akaiweka sawa kofia yake, akatoa kipande cha sukuma wiki kwenye jino. Kisha akainuka akanitazama mimi. Nimesimamia mitihani mingi, Bwana Afisa. Najua uso wa mtu ambaye ameona jibu.

4. Harufu. Shangazi yake Liz, anayeitwa Phelesia, alifungua mlango wa nyuma bila kukaribishwa, akaketi, akafumba macho, akavuta pumzi. "Hawa watu," akawatangazia walio nje, "hata gari lao linakula matunda!" Kerosi, ambaye ni mtu mwepesi wa akili, aliwaonyesha kamba ya katani. Akaivuta ili waone jinsi ilivyochakaa. Phelesia akaipapasa kwa heshima, akasema matajiri wa siku hizi wana mambo yao.

5. Kimya changu. Kwa desturi, baba wa bwana harusi hasemi neno mahari yanapojadiliwa. Mshenga ndiye kinywa chake. Nilikuwa na maelezo kamili, yenye utangulizi na mifano, juu ya mkebe wa buluu na mdogo wangu Mirumbe, nami niliketi nayo tumboni pamoja na kuku wa watu. Kerosi alitaja wanane. Boma zima lilicheka. "Wanane ni wa mtu aliyekuja kwa baiskeli," akasema Mzee Obiero. Kerosi akajaribu kueleza kwamba sisi ni watu wa kawaida. "Kerosi, ndugu yangu," mzee akamjibu, "toka nje kidogo ukajiangalie kwenye huo ukawaida." Hesabu ikawa kumi na wawili.

6. Stata. Wakati wa kuondoka gari lilikataa kuwaka, nami kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa ajili ya stata hiyo. Niliwaomba watusukume. Nilisema moyoni kwamba sasa wataona. Mzee Obiero alikunja mikono ya shati, akashika nyuma, na kwa hatua hamsini akawa uso kwa uso na yeye mwenyewe kwenye buti. "Ninajiona mpaka meno!" nilimsikia akipaza sauti. Gari lilipowaka alikuja dirishani akihema, akamwambia Kerosi kwamba sasa ni kumi na watatu. Huyo mmoja ni wa kusukuma.

Hayo ndiyo ya Lambwe. Ya hapa nyumbani ni haya. Kadi za harambee, za kuniomba mchango, zilikuwa zikinifikia mbili kwa mwaka. Mwezi huu nimepokea saba, na moja imeletwa na mtu aliyevuka maji kutoka Mfangano, ambako simjui mtu. Kamati ya shule fulani imenialika niwe mgeni rasmi, na imenieleza mgeni rasmi wa mwaka jana alitoa kiasi gani. Nimejaribu kulirudisha gari katika hali yake. Nimeliegesha chini ya mti wanakolala kuku, nimelifukizia moshi wa kuni. Linafutika kwa kiganja.

Watu huuliza kama vitu hivi vya bei ghali vina thamani ya fedha zinazolipwa. Mirumbe anasema vina. Kila Jumapili huja, hupitisha kidole kwenye boneti, husema, "Kaka, wiki ya nne hii! Sabuni ya unga ingekupa wiki ngapi?" Nami, kama mtu aliyefundisha sayansi, sina budi kukubali kwamba anasema kweli. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Kwa sabuni ya shilingi arobaini, Joash angeoa kwa ng'ombe wanane. Kwa vitu vya elfu moja mia moja na hamsini, anaoa kwa kumi na watatu. Kitu ambacho ubora wake unamfaa kila mtu isipokuwa mwenye kukilipia, mimi sijui kama kinastahili kuitwa bidhaa.

Joash hanilaumu. Jioni hukaa kwenye ngazi akilitazama gari, na gari humtazama yeye. Liz ameandika kwamba baba yake hashuki hata kwa ndama, na kwamba yeye atangoja hadi Pasaka, basi. Hakueleza ni nini kitatokea baada ya Pasaka, nami sikutaka kumuuliza Joash.

Nilikwenda kwanza kwa Bwana Abdullah, kwa kuwa si vizuri kumshtaki mtu kabla ya kuzungumza naye. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai na mahamri. "Mzee wangu," akasema, "watu hunirudishia polishi isiyong'aa. Yako nitaipokeaje, na gari lako hapo nje linanimulika machoni?" Nilimaliza chai yangu. Ndiyo sababu naja kwako na maombi haya.

Kwanza, kila mkebe ubandikwe onyo kwa Kiswahili na Kijaluo, kama ilivyo kwenye pakiti za sigara: ISITUMIWE NA MTU ANAYEKWENDA KUPOSA.

Pili, muuza duka awe na wajibu wa kumuuliza mnunuzi anakokwenda, na mnunuzi ajibu mbele ya shahidi ambaye si mdogo wake.

Tatu, serikali ichimbe shimo la tope katika kila barabara inayoelekea kwa wakwe. Shimo liwe na karani, ndoo na muhuri, ili mtu anayefika akiwa amechafuka kwa kibali asidhaniwe kuwa mjanja.

Nne, polishi hiyo ihesabiwe na ofisi yako kuwa mali, kama shamba au nyumba ya mawe, na mtengenezaji wake aandikiwe barua alete ng'ombe watano. Sidai wawe wakubwa. Naomba tu wafike wakiwa na vumbi.

Maombi hayo manne yakitekelezwa, Bwana Afisa, nitaamini kwamba wilaya hii mpya tulipewa kwa sababu.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa langoni aliyenielekeza vizuri mara ya mwisho, mama anayewapikia chai, na wote wa nyumbani kwako, hasa walio na umri wa kuoa.

Ni mimi, mwenye subira na gari safi,

Gisiri Nchagwa

N.B. Tafadhali usichukue hatua yoyote kabla ya Jumamosi, tarehe 7 Desemba. Siku hiyo wanakuja wazee kutoka Homa Bay mjini kumposa binti yangu Robi, na kwetu ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti ndio wanaotoka kwa ajili ya kaka yake. Nimesikia kwamba wana pikapu, na kwamba wamepanga kuja nayo ikiwa na matope hadi kwenye taa, jambo ambalo kwa watu wazima ni ulaghai. Mirumbe ataiosha na kuipaka wakiwa ndani wanakunywa chai, kwa heshima ya wageni, ili wakitoka nje tuwatazame vizuri. Nimeshanunua mikebe miwili ya buluu kwa fedha zangu mwenyewe, na nathibitisha kwamba bei ni ya haki kabisa. Onyo likibandikwa dukani sasa, wanaweza kulisoma wakipita.

Robi, ambaye anafundisha hesabu, ameisoma barua hii ili anisahihishe. Hakupata kosa. Ameniuliza tu kama katika mikebe hiyo miwili itabaki polishi kidogo ya kumpaka yeye, maana siku hiyo watu wote watakuwa wakiangalia pikapu. Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi, na sijapata namna ya kulieleza.