Girdhari Asafisha Simu za Waheshimiwa

Kwa miaka tisa Girdhari alikuwa mtu wa maana pale soko la Chowk, mjini Allahabad, India. Kidukani kwake aliuza vocha; nyuma ya pazia aliwajazia wazee wa watu video za uchi kwenye memori kadi, rupia hamsini, na mdomo kimya. Halafu intaneti ikawa rahisi kuliko chai na uchi ukawa wa bure. Wateja wakayeyuka. Mwenye nyumba, Bi Ramdulari, akaanza kulimezea duka mate, maana alitaka binti yake afungue saluni. Kilichomzuia ni kamati ya wafanyabiashara tu, maana bila kura yake mpangaji hafukuzwi.

"Seth, tajiri wangu, umenitupa," Girdhari alimlalamikia Kesarwani, muuza halua na mwenyekiti wa kamati.

"Nikulipe kwa kitu ninachokipata bure kitandani? Nina wazimu?"

Papo hapo mkwewe akapita. Kesarwani akaisukuma simu chini ya sinia, jasho likimtiririka.

Girdhari akaelewa. Kutazama hawalipii tena, haya. Na kutojulikana je?

"Seth wangu," akanong'ona, "mimi niliwahi kukuuliza jina? Hizi za bure ndizo zinazoandika. Namba, saa, hata ile uliyoirudia mara tatu. Orodha itabandikwa manispaa, labda nikusafishie simu."

"Mungu wangu! Ile pia?"

Kesho yake foleni ya wenye simu ilifika hadi kwa fundi viatu wa jirani. Girdhari alipangusa kila simu kwa pamba na spiriti, akaipulizia kwa unyenyekevu mkubwa, akapokea mia tano. Lakini mfanyabiashara wa Chowk haamini huduma isiyo na mhuri.

"Nilipe, halafu nisiandikwe popote?" alifoka muuza vitambaa. "Unanifanya mjinga?"

Basi Girdhari akanunua daftari nene: jina, jina la baba, duka, sahihi, mhuri. Watu wakatoka wameridhika kabisa. Akili hizo, jamani!

Siku ya nane Bi Ramdulari akaingia na kulichukua daftari mezani. Alisoma polepole, akilamba kidole kila ukurasa.

"Shangazi, hilo ni la siri!"

"Ndiyo maana nalichukua. Ehe, na mume wangu yumo. Mara mbili! Hakutakata mara ya kwanza?"

Jioni kamati ilikutana kwa dakika nne, Bi Ramdulari akiwa amekaa mbele na daftari mapajani. Kesarwani, macho sakafuni, alisoma azimio: duka apewe binti wa Bi Ramdulari. Wote wakanyoosha mikono. Muuza vitambaa alinyoosha yote miwili.

Girdhari akakusanya pamba zake na chupa ya spiriti. Miaka tisa, na hata pazia hakuruhusiwa kulichukua.

"Shangazi, duka umeshapata. Basi lichome hilo daftari."

"Nilichome?" Bi Ramdulari alilikumbatia kifuani. "Wanaume wa soko hili wameharibiwa na vya bure, mwanangu. Lazima awepo mtu wa kuwazoesha tena kulipa."