Injini ya Kufyekea Nyasi Juu ya Dagaa wa Katonga

Wakuu, leo sina uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia kibandani kwangu Buzebazeba, hapa Kigoma, mchanga bado umo masikioni.

Mnakijua kile kindege changu cha vita cha rimoti. Rangi ya jeshi, mabomu ya kuchora. (Miezi saba ya mbao nyepesi na gundi. Mke wangu anakiita mke mwenza.) Kilibaki kitu kimoja: injini. Mezani nilikuwa nazo mbili. Mota ndogo ya betri, niliyoagiza Dar. Na injini ya petroli niliyoing'oa kwenye mashine ya kufyekea nyasi.

Juzi akaja Mama Goreti kuchaji simu. Ni Mrundi, alivukia mpakani Kagunga na wenzake machafuko yalipoanza kwao, sasa anaishi kwa dada yake aliyeolewa mtaani kwetu na anaanika dagaa ufukweni Katonga. Mtu wa maneno machache. Akaitazama meza.

"Fundi, weka hiyo ndogo. Hii kubwa ni nzito."

Nikacheka. "Mama, mambo ya ndege ni ya kitaalamu. Ndege ya vita lazima ingurume!"

"Ego," akasema. Ndiyo. Akaondoka.

Leo saa tatu asubuhi, Katonga. Nilikuwa nimetangaza wiki nzima, kwa hiyo watu walijaa, akiwemo mwalimu wa fizikia aliyeahidi kwamba kikiruka, ataniletea wanafunzi niwafundishe. Nikavuta kamba. Ikanguruma! Makofi. Nikapunga mkono kama rais.

Kindege kikaanza kukimbia. Kikakimbia. Kikaendelea kukimbia. Pua ikaelemea chini, kikakata kona chenyewe, kikaelekea kwenye dagaa walioanikwa. Nikabonyeza kila kitufe. Hata vile ambavyo sikuviunganisha!

Kikaingia. Pangaboi likachota dagaa, likawarusha juu. Dagaa waliruka vizuri sana. Ndege ndiyo iligoma.

Nikakikimbilia, nikajikwaa kwenye wavu, nikaanguka kifudifudi. Kuinua kichwa, kimegeuka, kinanijia mimi! Nikapiga yowe. (Wanasema nilimwita mama yangu. Sikumbuki.)

Mama Goreti akaja taratibu, akakishika kwa nyuma, akaubana mpira wa mafuta kwa vidole viwili. Kimya.

"Umejulia wapi?" nikauliza, dagaa mdomoni.

"Miaka kumi na moja nimetengeneza mashine za boti, kwetu Rumonge."

Akaifungua injini, akaitundika kwenye mzani wa samaki, kisha kindege chenyewe. Injini ilikuwa nzito kuliko ndege! Katonga nzima ikaangua kicheko, naye akacheka mpaka akakaa chini. Dada yake aliniambia hajamwona akicheka hivyo tangu avuke.

Nimeosha dagaa mpaka saa nane. Jioni tukaenda uwanja wa mpira na ile mota ndogo. Kabla ya kuifunga, Mama Goreti akaomba kitambaa na mafuta ya taa, akayafuta mabomu yangu yote.

"Haya tumeyaona ya kutosha," akasema.

Nikamshikia kopo la mafuta ya taa.

Kikaruka, jamani! Kikazunguka uwanja mara tatu, rimoti ikiwa mkononi mwake. (Mimi nilikabidhiwa kushika begi.) Mwalimu amesema wanafunzi atawaleta. Kwa Mama Goreti.

Nimemwomba tufanye kazi pamoja hapa kibandani. Amesema atafikiria. Nyie mnaocheka, chekeni huku mkiniombea akubali.