Salamu Tisini na Tisa kwenye Mbao za Plastiki

Jumatatu, 10 Februari 2025
Baraza limekamilika! Mita sita kwa tisa. Mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao; haziozi, haziliwi na mchwa. Kitale nzima ni mimi tu. Nilianza maisha nikiuza misumari, leo nina baraza lenye reli za chuma. Jumamosi wazee wa upande wa kijana Hillary wanatoka Bungoma kumposa binti yetu Nabwile. Watakaa hapo hapo.
Jioni nikashika reli. Ta! Shoti mpaka kwenye kiwiko. Jirani Waithaka alikuwa akichungulia juu ya ua. Akauliza ati nimeunganishiwa stima ya bure? Mtu ambaye baraza lake ni saruji tupu!

Jumanne, 11 Februari
Nimepima. Nimetembea barazani mara thelathini, nikashika reli mara thelathini. Shoti kumi. Yaani moja kwa kila tatu. Sasa: wageni kumi na mmoja, sisi tisa, na mtu wa Bungoma haketi kabla ya kushika kila mkono. Salamu tisini na tisa. Shoti thelathini na tatu! Hata chai haijamiminwa!
Mama Nabwile anasema ni ukavu wa kiangazi tu, nimwage tu maji barazani asubuhi, basi. Nikamwambia sikununua mbao zisizooza ili nizinyunyizie kama sukuma wiki.

Jumatano, 12 Februari
Nimeita Kipketer, fundi wa stima. Akapima reli, akasema hakuna stima. Akaishika akitoka, akaruka. Akasema hii inatoka kwa miguu ikisugua plastiki, akaenda zake. Lakini aliruka kidogo tu. Nikatazama viatu vyake: soli ya mpira! Mafundi wote huvaa mpira kujikinga. Nimenunua malapa ya mpira, jozi ishirini kwa watu ishirini. Kichwa si cha kubebea kofia tu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimejaribu malapa. Shoti ishirini na tano kati ya thelathini. Ni mapya, yatazoea.
Nabwile amelia. Ati ni baba gani anavalisha wakwe malapa ya bafuni? Ati Mzee Mukhisa, ami yake Hillary anayeongoza wageni, akiona dharau anachukua kofia na kwenda. Alishavunja posa moja huko Kimilili kwa sababu ya chai baridi. Waithaka akasikia kilio, akajitolea baraza lake. Ati saruji haina maringo. Nikasema afadhali wageni wakae juu ya paa.

Jumamosi, 15 Februari
Walifika saa nne. Walivaa malapa bila neno, isipokuwa shangazi mmoja aliyeuliza kama wamekuja kuposa ama kuoga. Mzee Mukhisa akaburuta miguu mita tisa nzima, akanipa mkono. Ta! Kofia ikaanguka. Akanipa tena, kwa heshima. Ta! Akasema alisikia watu wa Kitale ni wakali, lakini si hivi, bana. Wenzake nao wakaanza kuruka. Kwa shoti ya nane mzee akaokota kofia yake. Akaivaa. Nabwile akaegemea mlango. Na Waithaka huyo juu ya ua: wazee, karibuni huku, kwangu mikono haiumi! Watu saba walishainua viti.
Hapo Mama Nabwile akatokea na ndoo mbili. Akamwaga maji baraza lote, akatangaza ati kwetu mgeni wa maana huoshewa sakafu mbele ya macho yake. Uongo mtupu! Tumeoana miaka ishirini na sita, sijawahi kuusikia. Lakini Mzee Mukhisa akavua kofia. Ati tangu azaliwe hajapewa heshima kama hiyo. Akarudi, akanyoosha mkono. Nikafumba macho.
Kimya.
Salamu zote zilizobaki, nilizihesabu, shoti sifuri. Kufikia saa tisa wazee walikuwa wamekubaliana, na Nabwile anacheka peke yake jikoni. Waithaka alikula sahani tatu.

Jumapili, 23 Februari, Bungoma
Tumekuja kwa wakwe. Mzee Mukhisa ameniuliza siri ya baraza langu. Nimemwambia ukweli: mpira unahitaji dakika kumi kuzoea miguu. Mama Nabwile akakohoa sana. Vumbi, nadhani.
Nimejitolea kujenga jukwaa la harusi. Mbao zile zile, juu yake zulia la nailoni. Nimewachagulia Januari, katikati ya kiangazi, lisidondoke hata tone la kutuharibia. Wageni mia mbili na hamsini, kila mmoja apande kuwashika mkono maharusi wote wawili: salamu mia tano. Gauni la Nabwile nimelichagua mwenyewe. Nailoni tupu, mkia wa mita nne, uburutwe vizuri.