Uso Wangu Ulivyoumuka kwenye Fulana za Uchaguzi

Kwa Shemeji, Mchapaji wa Fulana,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UVIMBE WA USO WANGU

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili kaka wa mke wangu, maana zile za fundi zimekwisha. Naandika kwa sababu dada yako amenikataza kuja karakana kwako nikiwa na hasira.

Unajua fika kwamba nagombea uenyekiti wa wapangaji wa jengo letu, ili nimbane mwenye nyumba aliyetukatia maji. Mpinzani wangu ni kinyozi wa chini, na kura zinapigwa leo. Nilikuomba picha yangu kifuani, basi. Wewe ukasema wino wa kawaida ni wa wanyonge, ukanichapa kwa ule mzito unaoumuka ukipata joto. Haya ndiyo yaliyonipata:

1. Oveni yako ya kukaushia wino ilipokufa, ulinikabidhi fulana mbichi, ukasema kila mtu akaipige pasi kwake. Jamani, shemeji! Wino ule huumuka kwa kadiri ya moto, na kila nyumba ina pasi yake na hasira zake.

2. Matokeo yake jengo zima lina nyuso zangu, wala hazifanani. Fundi cherehani alipitisha pasi kwa upole, nikatoka na kope tu zimevimba. Mwalimu wa ghorofa ya pili aliiacha pasi jichoni huku akimalizia kumsema mumewe. Jicho la kushoto limefumba kabisa.

3. Pua. Sitaieleza kwa urefu, yenyewe inatosha. Watoto wanaobebwa wanaishika ili wasianguke.

4. Mama yangu mzazi alipoiona fulana aliangua kilio, akauliza ni nani amenifanyia hivi. Nimekutaja.

5. Kinyozi, hasidi yule, kila fulana ikipita anavua kofia, utadhani anapisha jeneza. Aibu imenijaa, nimejifungia ndani tangu zilipovaliwa, hata kura yangu mwenyewe sikwenda kupiga.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu, uzikusanye fulana zote, uzikwangue pua, kisha upite mlango kwa mlango ukiwaeleza watu kwamba shemeji yako ana sura ya kawaida. Nikishindwa, tutaoga kwa vikombe mpaka tuzeeke, na lawama zote nitakutwika wewe.

Nisalimie mkeo, watoto, na marehemu oveni.

Ni mimi niliyefura kwa kila maana,
Mume wa dada yako

N.B. Matokeo yametoka kabla sijafunga bahasha. Nimeshinda, tena kwa mbali! Kumbe wapangaji waliziona zile nyuso wakaamini nilikwenda kumkabili mwenye nyumba kuhusu maji, akanitwanga, nami nikanyamaza kiume. Wengine wamelia. Sasa hivi wako uani wanaimba, wanataka nishuke wanibebe, na uso wangu huu ni bapa kama sahani. Shemeji wangu kipenzi, yaache hayo ya juu. Pita mlango wa nyuma, njoo na pasi.