Nzi Wangu Wamegoma Sukari

Jumatatu, 4 Machi
Nimegundua jeni! Nzi wa kawaida ukimgusa mguu kwa maji ya sukari, hutoa mrija wake wa kunyonyea papo hapo. Huonja kwa miguu, maskini. Lakini nzi wa chupa yangu: kimya. Wote wamenuna. Jeni ya kuonja utamu imeharibika, hakuna maelezo mengine! Nimemkimbilia Profesa. Atakuja kujionea Jumatano. Miwani, mwenzangu wa maabara, ameuliza kama niliwanyima chakula kwanza. Wivu tu. Nafasi ya kazi ni moja, na sisi tuko wawili. Nimempigia mama. Mtaa mzima unajua.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Nimewapima tena. Mirija yote nje! Kumbe jana walikuwa wameshiba. Nimwambie Profesa? Shangazi kapiga simu, anauliza kama jeni itaitwa kwa jina la ukoo. Siwezi kurudi nyuma. Kesho nawalisha mpaka wachukie sukari.

Jumatano, 6 Machi
Wamekula tangu alfajiri. Mimi sijala. Profesa akagusa mguu wa nzi wa kwanza. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Akanipa mkono! Miwani akakuna kichwa. Kisha Profesa akasema tuwanyime chakula hadi kesho, wapate maji tu, halafu turudie mbele ya wageni. Nikaitikia ndiyo, kwa sauti ya mtu mwingine. Jioni nimenyemelea maabara na kijiko cha sukari. Profesa ameondoka na chupa.

Alhamisi, 7 Machi
Wageni wamejaa. Mirija ikatoka yote kwa mpigo. Mmoja aliutoa hata kabla hajaguswa, msaliti! Profesa hakufoka. Aliniuliza kwa upole nzi walikula nini jana asubuhi. Nikasema labda hewa. Bora angefoka. Kazi kapewa Miwani, naye ameniombea nibaki kumsaidia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama anapiga, sipokei.

Ijumaa, 8 Machi
Sijalala, lakini Mungu mkubwa! Kwenye chupa ya Miwani kuna nzi wa ajabu. Nimemgusa miguu yote sita kwa sukari: hatoi mrija. Na hajala tangu jana, nina hakika. Amelala chali, miguu juu, hata hapepesi bawa. Huo ndio msimamo! Miwani amesema nimwangalie vizuri kwanza. Nitamwangalia baadaye. Nimeshabisha hodi kwa Profesa.