Malalamiko Kuhusu Mafungo ya Viraka na Goti la Suruali Yangu

Maurice Okinda,
Mashine ya Kusaga Unga,
Kisegi.

Ijumaa, 16 Agosti 1996

Kwa Mama Millicent,
Mwenyekiti, Kinamama wa Viraka,
Homa Bay.

Mama Mwenyekiti mpendwa,

YAH: KUVUNJWA KWA MAFUNGO YA VIRAKA

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeketi, maana ina uzito. Mimi ni mume wa Phelesia, yule mrefu aliyekuja kwenu Jumatatu kushona blanketi la viraka kwa wiki mbili pamoja na kinamama wengine. Jana nilikuja mwenyewe kumchukua kabla ya wakati, kama unavyokumbuka. Sikueleza sababu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na hasira yangu hainipi Kiswahili kizuri. Sasa imetulia. Naomba nieleze kwa utaratibu, kisha uyavunje hayo mafungo na yasifanyike tena katika wilaya yoyote.

1. Neno lenyewe. Phelesia aliniomba ruhusa ya kwenda mafungo. Kanisani kwetu kufunga ni kutokula. Kwa kuwa sisi wa huku tunaongea Kiswahili cha kuazima, nilikwenda kuhakikisha kwa Hamud, mwenye duka hapa sokoni, mtu wa Lamu ambaye Kisegi nzima humpelekea ugomvi wa Kiswahili. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba mfungo ni njaa, bwana, tena njaa ya kutwa. Nikatoa ruhusa kwa moyo mkunjufu. Isitoshe, nikaona haifai mke ateseke peke yake, nikafunga naye. Jumatatu nilifunga, Jumanne nikafunga, na Jumatano nikamwaga mahindi ya mteja sakafuni kwa sababu nilikuwa naona mashine mbili. Jioni hiyo Jacktone, anayepeleka omena, wale dagaa wa ziwani, Homa Bay kwa pikapu, akapita kunisalimia. Akasema amemwona Phelesia kwenye ukumbi wenu, amenawiri, paja la kuku mkono mmoja na chapati mkono wa pili. Nilimwuliza kama jua lilikuwa limetua. Akasema ilikuwa saa nne asubuhi.

Sasa naambiwa Wakatoliki huita mafungo hata kule kukaa pamoja na kutulia. Basi wangetundika tangazo.

2. Suruali. Uliwaagiza kinamama kila mmoja aje na kitambaa chenye historia. Nyumbani kwangu historia yote ilikuwa kwenye suruali moja ya kahawia, yenye miguu mipana, niliyooa nayo. Sikatai kwamba hainitoshi. Haijanitosha tangu mtoto wetu wa pili. Lakini suruali isiyotosha bado ni suruali, na mtu anaweza kukonda, hasa wiki anayofunga. Phelesia aliikata pale gotini. Wala si kukatwa tu kunakoniuma. Nilipoingia ukumbini niliona kwa macho yangu goti langu limeshonwa ubavu kwa ubavu na leso ya Mwanamvita, mke wa Yassir mwenye duka la vitambaa hapo mjini. Sijawahi kukutana na Bwana Yassir. Naomba umfikishie kwamba goti lile lilipelekwa pale bila idhini yangu, na halikuwa na nia yoyote.

3. Kazi yenyewe. Haijaniingia akilini kwamba watu wazima wachukue nguo nzima, waikate vipande, kisha wakae siku chungu nzima wakitafuta namna ya kuviunganisha. Kama mlitaka iwe moja, si ilikuwa moja? Sisi wa huku tumekatwa vya kutosha. Tulilala watu wa South Nyanza, tukaamka watu wa Homa Bay, na sasa naambiwa sisi ni Suba. Barua zangu hupotea njiani zikiulizia wilaya. Kinamama wakizoea mkasi, leo ni suruali, kesho ni shamba, keshokutwa mke atakata nyumba, achukue upande wenye jiko na kusema anatengeneza pambo.

4. Kicheko. Hili ndilo lililonifanya niandike. Nilipofika jana nilisimama kwanza nje ya dirisha nipange maneno. Ndani kulikuwa na mwanamke anacheka, kile kicheko cha mtu kushikilia meza asianguke. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anachota maji, ni nani yule anayecheka hivyo. Akasema ni Phelesia wa Kisegi. Mama Mwenyekiti, nimeishi na mke huyu miaka mingi na sikukitambua kicheko chake. Nyumbani tunaongea, ndiyo: unga umeisha, mbuzi amefungwa, karo inadaiwa. Hacheki. Iliniuma sana, sitakuficha. Kama kicheko hicho kilikuwepo wakati wote, basi ni mali ya nyumba yangu, na kikundi chako kimekuwa kikikitumia bila kuniomba. Nikapiga hodi kwa nguvu. Kicheko kikakatika. Njia nzima ya kurudi Phelesia alisema jambo moja tu: "Baba Awino, yawa, jamani, si ungengoja kidogo tu."

Kwa hayo yote naomba kikundi kivunjwe, mikasi ikabidhiwe kwa chifu, na goti langu lirudishwe, au kama limeshonwa sana, lihamishwe lipakane na kitambaa cha mwanamume mwenye tabia njema.

Nisalimie kinamama wote bila kubagua, na yule anayepika chapati pia, ingawa tuna tofauti zetu. Watu wa kwangu hawajambo na wanakusalimu, isipokuwa Phelesia, ambaye hajasema lolote.

Ni mimi wako, mwenye masikitiko na adabu,
Maurice Okinda

N.B. Jumapili jioni. Barua hii bado iko nami kwa kuwa posta ya hapa haikufunguliwa jana, na tangu hapo kumetokea jambo. Jana tukila, Phelesia alianza kunisimulia walichokuwa wakikicheka. Kumbe Mwanamvita alikuwa akieleza historia ya leso yake: siku ya harusi yao kule Malindi, Yassir na wapambe wake waliingia kwa ngoma kwenye nyumba isiyo yao, mtaa uleule, penye harusi nyingine. Wakala pilau ya watu. Yassir akapandishwa ghorofani kwa bibi harusi asiyemjua. Akaketi. Akapiga bismillahi. Akashika ncha ya shela amfunue. Hapo ndipo nilipopiga hodi.

Mimi nasema Mwanamvita ndiye huyo aliyekuwa chini ya shela, na harusi iliyoharibika ni ile Yassir aliyokuwa akiiendea. Phelesia anasema haiwezekani, na akisema hivyo anacheka, kicheko kilekile, hapa mezani kwangu, mpaka watoto wanakuja kutazama. Jana niliwasha mashine, nikaizima ili nimsikie vizuri. Kwa hiyo tafadhali usivunje chochote. Phelesia atakuja na basi la kwanza kesho, na Mwanamvita asimalizie hadithi bila yeye. Nitamsindikiza, na barua hii ataileta mwenyewe. Nitakaa nje, chini ya lile dirisha, wala sitapiga hodi.